Samaki wa Jopo Kuu

Watu wa Kaunti ya Tarpley wanaipenda haki kweli kweli, ilimradi isiwacheleweshee chakula cha mchana.

Mara mbili kwa mwaka mahakama ya pale mjini Mabry inakusanya raia ishirini na ushei, inawafungia kwenye chumba cha ghorofani juu ya ofisi ya kodi, inawaapisha wasitoe siri, kisha inawauliza swali lile lile juu ya kila aliyekamatwa: huyu kuna sababu ya kumpeleka mbele ya jaji, au aende zake nyumbani? Hilo ndilo jopo kuu. Kumi na wawili wakiinua mkono, mtu ameshtakiwa. Na mikono ilikuwa ikiinuka, wee! Askari anasoma karatasi yake huku anapiga miayo, wanajopo wanatazama saa, mikono juu, haya, aletwe mwingine. Ungewapelekea kisiki ukawaambia kimeiba kuku, wangekishtaki kahawa ikiwa bado ya moto.

Bi Maudine Crenshaw alilijua hilo na hakuwa mtu wa kunyamaza. Alifundisha historia katika sekondari ya Mabry mpaka nusu ya mji ikawa imepita mikononi mwake, na alipostaafu akabaki na ile tabia ya kusahihisha watu. Kila wiki gazeti la mji lilichapa barua yake: jopo letu ni la kupiga muhuri tu, jopo letu ni aibu, babu zetu wangelia. Alikuwa na hakika kwamba kaunti nzima imejaa wajinga na wavivu, na kusema kweli hakuwa amekosea sana. Alichosahau ni kujihesabu mwenyewe.

Alitaka mambo matatu. Aliyeona tukio kwa macho yake aje mwenyewe, siyo askari kumsemea. Mshtakiwa akitaka kujieleza, aruhusiwe. Na kila neno linakiliwe na karani wa mahakama, ili kesho mtu asije akakana. Jaji mpya, kijana kutoka Atlanta ambaye bado hakuwa ameizoea Tarpley, akasema hewala, mimi sina pingamizi, ila pesa ziko kwa makamishna wa kaunti.

Basi kikao cha makamishna kikawa sinema. Royce Tidwell, aliyekuwa kamishna tangu enzi watu wanaendesha yale magari ya zamani yenye mabawa nyuma, alijishika kiuno akapaza sauti.

"Haki? Haki tunayo, Bi Maudine. Tunayo tele. Karani ndiye hatuna. Unajua karani anadai kiasi gani kwa siku?"

"Na taa za uwanja wa mpira zilidai kiasi gani?" akauliza Maudine.

"Ala! Sasa taa zimeingiaje hapa? Watoto wacheze gizani?"

Watu wakapiga makofi. Taa zile zilikuwa zimewashwa mwezi uliopita tu, na timu ilikuwa imefungwa mechi zote chini yake, ila ikionekana vizuri. Maudine akawaangalia wale wapiga makofi mmoja mmoja kwa dharau iliyoiva. Karibu wote aliwahi kuwafelisha.

Mwishowe wakakubaliana kwa namna ambayo makamishna hukubaliana mambo. Utaratibu mpya utajaribiwa kwa kipindi kimoja. Karani atalipwa, ndiyo, lakini fedha zitatoka kwenye chakula cha mchana ambacho wanajopo walikuwa wakiletewa kutoka mkahawani. Kipindi kikiisha, jopo lenyewe litaandika ripoti iseme kama utaratibu huu uendelee au ufe. Tidwell aliposema "au ufe" alitabasamu. Alijua watu wake. Ukiwanyang'anya sahani, hawatakusamehe.

Halafu jina la Maudine likajitokeza kwenye orodha ya walioitwa kukaa katika jopo hilo hilo. Yeye aliona ni mkono wa Mungu. Jirani yake, mama mmoja mchangamfu, alimwambia, "Hongera, sasa utapika ulichokuwa unatuhubiria," naye akacheka kidogo, kwa heshima tu, maana hakuona kichekesho.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Coy Hatcher, muuza matrekta. Alishakuwa mwenyekiti mara kadhaa, kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Mtu mnene, mcheshi, mkarimu wa maneno, mwenye mikono laini kupita kiasi kwa mtu aliyesema "sisi wakulima" kila baada ya sentensi mbili. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza akiwa ameshika mkate wake aliojiletea kwenye karatasi.

"Wenzangu," akasema, "mnaona tulikofikishwa. Mkate na jibini. Baada ya miaka yote hii."

"Coy, watu wanaozea jela wakingoja kusikilizwa," Maudine akasema.

"Najua, Bi Maudine, najua. Nasema tu. Mkate na jibini."

Wakaguna wote, ungedhani wamefiwa.

Sasa hapo lazima uelewe kitu kimoja. Jopo kuu lina kazi ya pili, ya tangu enzi: kukagua jela ya kaunti. Mara moja kila kipindi wanajopo wanapita kwenye vyumba vya wafungwa, wanachungulia, wanauliza "habari zenu humo?" bila kungoja jibu, kisha Sherifu Langley, mkuu wa polisi wa kaunti, anawakaribisha mezani kwenye ukumbi wa askari. Chakula kinapikwa na wafungwa wenyewe. Kisha ripoti inaandikwa kwamba jela ni safi na inaendeshwa vizuri. Imeandikwa hivyo hata mwaka ule paa lilipoangukia bafu. Mtu ameshiba kambare, ataandika nini?

Na kambare wa jela ya Tarpley, tangu majira ya baridi, alikuwa na sifa. Walimkamata kijana mmoja, Rudell Gaines, kwa madai kwamba ameiba mashine ya boti, na kwa kuwa hakuwa na pesa ya dhamana wakamweka ndani, na kwa kuwa alikuwa amefanya kazi jikoni hotelini wakamtia jikoni. Huyo kijana alikuwa akilaza samaki kwenye mtindi na pilipili usiku kucha, asubuhi anamgaragaza kwenye unga wa mahindi, anamtumbukiza kwenye mafuta, anamtoa angali anachemka. Jopo lililopita lilimla samaki huyo wakati wa ukaguzi wakatoka pale wamepagawa. Habari zikaenea kanisani, saluni, duka la mbegu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kaunti ile watu walipiga simu mahakamani kuuliza mbona hawajaitwa kwenye jopo. Kesi ya kijana mwenyewe hawakuwahi kuifikia. Waliisogeza mbele, kwa kuwa siku ile walikuwa wameshiba na ukumbi ulikuwa na joto.

Kwa hiyo Rudell akangoja. Mwezi wa nane, kwenye Alhamisi ya karibu na mwisho, faili lake likafika mezani kwa jopo la Coy Hatcher na Maudine Crenshaw, kwa utaratibu mpya.

Na utaratibu ukafanya kazi! Hilo lazima lisemwe, maana ndilo linalouma. Zamani askari angesoma karatasi yake na mambo yangeisha. Safari hii mwendesha mashtaka, binti mmoja makini aitwaye Bi Brandt, alimwita mwenye mashine mwenyewe, Delmar Suggs, akaingia na kofia mkononi.

"Bwana Suggs, ulimwona Rudell Gaines akichukua mashine yako?"

"Nani? Mimi? Sijamwona huyo. Nilisema niliona mtu mwenye kofia nyekundu. Askari ndiye aliyesema basi atakuwa yule kijana wa Gaines."

"Na mashine iko wapi sasa?"

Delmar akajikuna shingo. "Sasa hilo ndilo jambo lenyewe, mama. Shemeji yangu aliiazima. Alisahau kuniambia. Iko kwake, nimejua tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka!" akasema Maudine. "Na hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Karani akanakili: hakuna aliyeniuliza. Maudine alihisi machozi ya furaha yakimlenga. Miaka yote ya barua, na jibu lake hilo, limetoka kwenye kinywa cha mtu mzima mwenye suruali ya kuvulia samaki. Aligeuka kuwaangalia wenzake, akaona kwamba hata wao wameona haya, angalau kwa muda mfupi.

Kisha wakamwingiza Rudell. Mrefu, mwembamba, mavazi ya jela ya rangi ya chungwa, mikono ina alama za mafuta ya moto. Alikaa akanyoosha mgongo. Hakusema mengi.

"Sikuiba kitu," akasema. "Lakini sikuja kwa hilo tu. Bibi yangu, Ozella Gaines, ndiye aliyenilea. Yuko hospitali ya kaunti, na daktari amesema hatoki. Nimemwomba Sherifu anipeleke hata kwa pingu, anasema hana askari wa kunisindikiza. Kama mnaona sina kosa, nawaomba mseme leo. Sina ombi jingine. Asanteni kwa kunisikiliza, watu walisema zamani hamkuwa mkisikiliza."

Alisema hayo ya mwisho akimtazama Maudine, maana jela nzima ilikuwa imesikia ni nani aliyeupigania utaratibu huo. Maudine akainamisha kichwa kama malkia anayepokea maua. Loo, siku ile alijipenda!

Wakamtoa. Mwendesha mashtaka naye akatoka, na karani akatoka, kama sheria inavyotaka wakati wa kupiga kura. Wakabaki wenyewe.

"Basi," akasema Shemasi Ezell Fountain. Huyu alikuwa mzee kinyozi, shemasi wa kanisa alilosali Bibi Ozella, mtu wa maneno machache. "Kijana hana kosa. Tupige kura aende akamwone bibi yake."

"Hana kosa, hilo liko wazi," akasema Coy. "Hakuna anayebisha. Kuna anayebisha?" Hakuna aliyebisha. "Sawasawa. Ila wenzangu, hebu tufikirie kidogo. Jumatano ijayo ni ukaguzi wa jela."

Mtu mmoja akameza mate, Maudine alisikia.

"Sijakuelewa, bwana," akasema Ezell.

"Shemasi, umenielewa vizuri. Tukimwachia leo, Jumatano nani atakaanga? Lile jambazi la mlango wa pili linalochemsha soseji? Sherifu ametoa samaki kwenye bwawa lake mwenyewe. Ameagiza pichi za pai. Tumekula mkate na jibini tangu mwezi wa tatu! Ninachosema ni hivi: Alhamisi ijayo asubuhi, jambo la kwanza, mikono juu, kijana aende zake. Wiki moja tu. Amekaa humo tangu baridi, wiki moja itamfanya nini?"

"Bibi yake anakufa, Coy."

"Shemasi, nasema kwa heshima zote, yule bibi amekuwa akifa tangu Pasaka."

Kuna waliocheka. Siyo wengi, lakini walicheka, watu wazima wenye wajukuu, watu wa kwaya. Wengine wakaanza kuangalia kucha zao. Mama mmoja wa benki akasema labda ni vizuri pia kuhakikisha kama kweli mashine iko kwa yule shemeji, tusije tukafanya haraka. Haraka! Watu walioshtaki nusu ya kaunti kati ya kahawa na mchana, leo wanaogopa haraka. Maudine akafungua mdomo, na alichokuwa nacho mdomoni kilikuwa kizuri, kingewachuna ngozi.

Coy akamwahi. Akamsogelea, akainama, akashusha ile sauti yake kubwa.

"Bi Maudine. Kabla hujatuhubiria. Hii ripoti ya utaratibu wako mpya, nani anaisaini?"

"Wewe."

"Mimi. Na Tidwell anangoja nimwambie uendelee au ufe. Mimi binafsi naona una faida, leo nimeona kwa macho yangu. Naweza kusimama mbele yao niseme hivyo. Lakini watu hawa," akaelekeza kidevu mezani, "wana njaa na wana kinyongo, na kinyongo chao ni juu yako. Wape Jumatano yao. Nami nitakupa saini yangu."

"Unaniuzia saini," akasema Maudine.

"Aka! Naomba tu tuelewane."

Alijiambia nini wakati ule? Alijiambia mambo ya maana, ndiyo tatizo la watu waliosoma. Alijiambia kwamba baada ya Rudell watakuja wengine mia, na hao mia watasikilizwa, na wote wanategemea saini moja ya mjinga mmoja. Alijiambia kwamba mabadiliko yana gharama na kwamba historia, aliyoifundisha yeye, imejaa wiki moja moja za namna hii. Alijiambia kwamba bibi huenda akaishi. Kila alilojiambia lilikuwa na sura nzuri, na gharama yote iliangukia kwa mtu mwingine.

"Wanaotaka tupige kura leo, wainue mkono," akasema Ezell, akiinua wa kwake.

Mikono ikapanda, hapa mmoja, pale mmoja, mingine kwa aibu hadi kwenye sikio tu. Ezell akahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja, na kura ilitaka kumi na wawili. Akahesabu tena. Kisha akamgeukia Maudine na kumngoja. Mikono ya Maudine ilikuwa juu ya meza, mmoja umelalia mwingine, na pale pale ikabaki.

"Bi Crenshaw?" akasema Ezell.

"Alhamisi ijayo, Shemasi. Jambo la kwanza asubuhi."

Ezell akashusha mkono. "Umetuandikia miaka yote hiyo kwamba hatuna haya," akasema. "Nilikuwa nakata barua zako gazetini nazibandika kinyozini kwangu. Nyoo!" Akachukua kofia yake akaenda kukaa dirishani, akawapa mgongo.

Jumatano ikafika. Wakapita jela. Coy alikuwa mbele, anagonga vyuma kwa pete yake kama mtu anayenunua sufuria. "Habari zenu humo?" Chumba kimoja kilikuwa kinanuka choo kilichoziba, wakakipita wameziba pua, na mama wa benki akasema ni kawaida ya majengo ya zamani. Ukaguzi wote uliisha kabla mafuta hayajapata moto.

Ukumbi wa askari ulikuwa umetandikwa vitambaa vya karatasi. Kabichi ya kukatwakatwa, maandazi madogo ya unga wa mahindi, chai baridi yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na harufu ile. Sherifu Langley akasimama akaomba Mungu abariki chakula na mikono iliyokiandaa. Mikono iliyokiandaa ikatoka jikoni na sinia.

Rudell alizunguka meza akigawa. Alipofika kwa Maudine akainama, akasema polepole askari wasisikie.

"Bi Maudine, samahani. Wamesema wewe ndiye uliyetupigania. Mlishapiga kura?"

Kiti cha Ezell kilikuwa kitupu, hakuja. Maudine aliona macho ya Coy yakimwangalia juu ya bilauri.

"Rudell, mwanangu, siwezi kukuambia. Tumeapa. Yanayosemwa ndani ya jopo ni siri."

"Ndiyo, mama. Nimeelewa." Na kweli alielewa, alilelewa kuheshimu kiapo. "Ni kwamba nauguza. Asubuhi wamesema hasemi sana."

"Mungu yupo," akasema Maudine.

"Ndiyo, mama." Akachagua kwenye sinia, akapekua hadi chini, akampa kipande kikubwa kuliko vyote. "Hiki nilikutengea. Asante kwa yote."

Akaenda zake jikoni kukaanga awamu ya pili. Hapo ndipo askari mmoja alipoingia kutoka mapokezi, akamwinamia Sherifu sikioni. Maudine alikaa viti viwili kutoka hapo na masikio yake yalikuwa mazima. Alisikia "hospitali." Alisikia "sasa hivi." Sherifu akafuta mdomo.

"Mwache amalize kukaanga," akasema. "Hakuna la kufanya tena. Watu bado wanakula."

Maudine akaweka uma chini. Angeweza kusimama. Angeweza kuingia jikoni, milango ya jikoni haina kiapo. Akafikiria ripoti, akafikiria saini, akafikiria atawaeleza nini watu wote wale akisimama, na kwa nini.

"Bi Maudine, kula, anapoa," akasema Coy, kwa upole kabisa.

Akala. Akamaliza. Wa awamu ya pili alipokuja akasema ameshiba, na hilo baadaye alijihesabia kuwa ni dhamiri. Mtu mzima, mwalimu, anajihesabia dhamiri kwa kukataa kipande cha pili!

Alhamisi asubuhi mikono ilipanda yote bila kusubiri Coy amalize swali: hakuna kesi. Rudell akatoka na nguo zake kwenye mfuko wa karatasi, akaenda moja kwa moja nyumba ya mazishi, alikolazwa bibi yake. Ripoti ikachapwa gazetini wiki iliyofuata, na aliyeiandika kwa lugha safi alikuwa Maudine mwenyewe, kwa kuwa Coy hakuweza kuandika aya mbili bila kutaja matrekta. Ilisema jela ni safi na inaendeshwa vizuri. Ilisema utaratibu mpya umethibitisha thamani yake, uendelee, na kwamba haukuigharimu kaunti hata senti ya ziada. Tidwell akaikubali kwa shingo upande. Mji ukampongeza Maudine. Kule saluni walimpigia makofi, naye akasema ah, ni kazi ya wote.

Baada ya mazishi alipika. Ndivyo ilivyo kwetu, kwa wafiwa hatuendi mikono mitupu. Alioka bakuli kubwa la kuku na wali, akalifunika kwa kitambaa, akaendesha gari mpaka nyumba ya kina Gaines kule ng'ambo ya reli, akapanda ngazi za baraza akiwa amevaa sura ya msiba. Rudell akafungua mlango. Alikuwa na shati jeupe na tai iliyolegezwa. Nyuma yake sauti za akina mama na vyombo.

"Rudell, pole sana kwa..."

"Mlijua lini?" akauliza Rudell.

"Kujua nini?"

"Kwamba sina kosa. Mlijua lini, Bi Maudine? Shemasi Ezell ameniambia ni ile Alhamisi ya kwanza. Amesema mlikaa na mkajua, na mikono ilikuwa kumi na mmoja, na wewe ulikuwepo."

Na hapa, kama unataka kumjua mtu, sikiliza kinachomtoka kabla hajakichagua.

"Shemasi hakuwa na ruhusa kukuambia hayo," akasema Maudine. "Ile ni siri ya jopo. Kuitoa ni kosa la jinai."

Maneno yakaning'inia pale barazani. Alitamani kuyarudisha. Ndani vyombo vikawa vimenyamaza.

Rudell alimwangalia. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa ameshachoka nayo.

"Wauguzi wameniambia alikuwa akiuliza," akasema. "Kila mlango ukifunguliwa. Mtu wa chakula, mtu wa kufagia, yeyote. 'Ni Rudell huyo?' Wanamwambia hapana, bibi, bado. Anasema haya. Wiki nzima. Jumatano mchana mlango ulifunguliwa akauliza tena, na muuguzi aliona huruma akamwambia ndiyo, ni Rudell. Akamshika mkono mgeni, akafa."

Maudine akanyoosha lile bakuli mbele, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Hapana, mama," akasema Rudell. "Tunacho chakula."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, kama alivyofundishwa na aliyemlea.